Kikopo Kilichoandikwa Bibi

Nyinyi vijana, kaeni vizuri msome. Sikuandika haya ili mnionee huruma. Huruma nimekwisha kupewa ya kutosha, nyingine ilikuja na nanasi, nyingine ilikuja mikono mitupu. Nimeandika kwa sababu kikohozi kitawafika na nyinyi, au kitamfika mama yenu, na siku hiyo mtakwenda kwenye kituo cha afya mkamkute mtu mnayemjua amevaa koti jeupe. Hapo ndipo pa kuangalia. Mimi sikuangalia.

Nilisoma mpaka darasa la nne, Kisarawe, kisha nikaolewa. Mambo ya vijidudu na mapafu muulizeni daktari. Mimi nitasema ya kwenye benchi na ya nyumbani.

Kikohozi kilinianza wakati wa kupalilia mihogo, masika haijaingia. Nilidhani vumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, jirani akaniletea majani ya mpera nikachemsha. Kikohozi kikanywa vyote na kikabaki. Halafu mwili ukaanza kuniaga. Kanga niliyokuwa naifunga mara moja nikawa naizungusha mara mbili. Pete aliyonivisha marehemu mume wangu ikaanguka ndani ya ungo nikipepeta mchele. Nikiamka, shuka limelowa jasho mpaka laweza kukamuliwa.

Mwanangu Hamisi alikuja kunisalimia. Yeye anafanya kazi kiwandani Zegereni na amejenga Kibaha. Aliponitazama hata kukaa hakukaa.

"Mama, unapungua."

"Nazeeka."

"Uzee haukohoi. Funga nguo zako twende Kibaha. Zena yupo pale kituoni, hutapanga foleni."

Zena ni binti yake Hamisi wa kwanza. Nilimlea mwenyewe Kisarawe tangu alipoachishwa ziwa mpaka alipoingia sekondari. Akasomea kazi ya maabara, akaajiriwa kwenye kituo cha afya, na wakati huo hajatimiza mwaka kazini. Kituo chenyewe sitakitaja. Waliokosea nitawasema, na mimi nimo.

Maneno yale ya kutopanga foleni yalinifurahisha, sitawaficha. Tulifika asubuhi, mabenchi ya mbele yamejaa akina mama na watoto, kila mtu kashika kinamba chake cha karatasi. Sisi tukazunguka nyuma, kwenye mlango wa ndoo na mifagio. Mlinzi akasimama. Zena akamwambia neno moja tu: "Mgeni wangu." Kwa watu wa kituo kile neno hilo lilikuwa ufunguo. Ukiwa mgeni wa mtu hupiti dirishani, huandikwi, huulizwi. Mlango ukafunguliwa, wakawa wananiamkia shikamoo, shikamoo, na mimi naitikia marahaba kama mama wa bibi harusi.

Zena akanipa kikopo. "Bibi, kohoa kutoka chini kabisa. Usinitilie mate."

Nikakohoa nje, nyuma ya jengo. Mara mvua ya kwanza ya masika ikashuka, kubwa, bila kupiga hodi. Zena akakichukua kikopo, akaandika juu yake haraka haraka huku ameinama kuikinga kalamu isilowe, akakimbilia ndani. Mimi nikarudi nyumbani kunywa chai.

Kesho yake akaja na uso mkunjufu. "Bibi, uko salama. Nimeangalia daftarini, walioonekana na kifua kikuu wameandikwa kwa wino mwekundu, na jina lako halimo."

Tukachinja kuku. Nikapewa vidonge vya kikohozi cha kawaida, nikamaliza, nikapewa vingine. Masika ikapiga bati wiki baada ya wiki, na mimi nikabaki Kibaha kwa Hamisi. Kitukuu changu Saumu, binti yake Zena, mtoto wa miaka mitatu, akawa analala na mimi. Nilimkumbatia masika nzima nikimkoholea kisogoni, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niko salama.

Wiki ya sita nikatema damu. Alikuwepo Tatu, mke wa Hamisi, anakuna nazi. Akaweka mbuzi kando. "Mama, leo hatumngoji Zena." Zena siku hiyo alikuwa kwenye semina. Basi tukapitia mbele kama watu. Nilikaa benchi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Dirishani wakaniuliza jina, jina la baba, umri, kijiji, mwenyekiti wako wa mtaa nani. Nikawajibu kwa hasira. Nilijiona nasumbuliwa. Kumbe ndiyo nilikuwa natibiwa.

Majibu yakatoka: kifua kikuu.

Zena aliporudi akasema, "Haiwezekani," mara mbili. Halafu akasema labda mara ya kwanza ugonjwa ulikuwa bado mchanga. Akaingia chumbani kwake. Sikumfuata.

Dawa ni miezi sita. Miwili ya mwanzo nilikwenda kila asubuhi nikameze mbele ya nesi. Wagonjwa wa kifua wana benchi lao la nje, upande wa upepo, na wapita njia wote wanalijua. Siku ya kwanza nilikojoa mkojo mwekundu nikapiga kelele chooni. Nesi akasema kupitia mlangoni, "Bibi, nilikwambia, ila ulikuwa umenuna." Kweli nilikuwa nimenuna. Magoti yakauma, nyayo zikawa kama nimekanyaga upupu, harufu ya dagaa nisiitake. Nikisikia kichefuchefu nesi yule ananimiminia uji kwenye kikombe chake mwenyewe, na wala hakukitenga baada yake. Alikiosha akakinywea. Hilo sitalisahau, kwa sababu nyumbani kwa mwanangu sahani yangu ilikuwa imewekewa alama ya rangi ya kucha.

Wiki ya pili akanikuta pale benchini mwanamke mnene, makamo, macho yamekuwa manjano, anajikuna mikono.

"We Mzaramo, sogea. Benchi hili si shamba la minazi la baba yako."

Nikajua huyu ni mtani. "Mnyamwezi, mizigo umeibeba kutoka Tabora mpaka hapa, bado unatafuta pa kuitua?"

Tukacheka, nikakohoa, akanipigapiga mgongo. Alikuwa amebakiza siku chache amalize miezi miwili ya mwanzo.

"Unaitwa nani, mtani?"

"Bibi."

"Najua una wajukuu. Nakuuliza jina."

"Ndilo jina! Bibi Juma. Baba alinipa jina la mama yake, halafu akaona tabu kulitamka mbele ya watoto, akawa ananiita Bibi. Nimekuwa bibi tangu nanyonya."

Kisha akanieleza habari zake, na kicheko kikapungua. Alikuwa akiuza vitumbua kando ya barabara. Tangu watu wamwone kwenye benchi lile, wateja wakawa wanavuka upande wa pili. Wifi yake alikuja kuwachukua watoto. "Na kikohozi chenyewe kiliisha zamani," akasema. "Dawa hizi ndizo zinazoniumiza. Lakini kipimo kimesema. Nilipimwa siku ile ya mvua ya kwanza. Nesi mmoja akaniambia vikopo vyako viwili, kimoja kizuri, kimoja kibaya. Nikamwambia mimi nilitoa kimoja. Akasema mgonjwa husahau."

Nilimeza dawa zangu nikarudi nyumbani kwa miguu, na nilikuwa sijaweza kutembea hatua zile kwa muda mrefu.

Zena alikuwa uani anafua koti lake la kazi.

"Zena. Siku ile ya mvua, kwenye kikopo changu uliandika nini?"

"Jina lako."

"Jina langu lipi?"

Mikono ikasimama ndani ya beseni. "Bibi," akasema. "Niliandika Bibi."

"Na namba?"

"Hukuwa na namba. Hukupita dirishani."

Mimi naitwa Mwanaidi Shomari. Mtoto yule tangu ajue kusema hajapata kulitamka jina langu, kwa adabu niliyomfunza mwenyewe. Hata kuliandika mkono wake ulikataa.

Nikamsimulia ya mtani wangu. Akakaa chini, kwenye maji ya sabuni. Ndipo akasema yote. Alikiweka kikopo mezani akaitwa kwingine. Mwenzake ndiye aliyepima. Akakuta vikopo viwili vya Bibi, kimoja kina namba, kingine hakina. Kwa ugonjwa huu mtu huweza kutakiwa kutoa mara mbili, akaona hivi vyote ni vya mtu mmoja. Kimoja kikaonekana na ugonjwa, akamwandika Bibi Juma kwa wino mwekundu. Zena alipoliona jina hilo daftarini, alidhani ni la mtu mwingine tu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ulipopimwa mara ya pili. Nilirudi kutazama daftari."

"Wiki mbili."

"Nilikuwa namwomba Mungu amalize dozi salama, Bibi."

Jioni Hamisi akasikia. Akafunga dirisha kwanza, ndipo akasema. "Mama, usiliinue hili. Mtoto bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Wewe umepata dawa. Yule mama anaendelea na dozi yake, atamaliza, atapona."

"Atapona nini, na yeye haumwi?"

"Mama, ukimpeleka kwa mkubwa wake umemchinja."

Tatu alikuwa anamtazama Saumu aliyelala mapajani pake, na mtoto naye alikuwa ameanza kupimwapimwa kwa sababu yangu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hujiruka wanaposimulia. Nilinyamaza siku tatu. Asubuhi tatu nilikaa ubavuni mwa yule mwanamke, tukataniana, na yeye akameza dawa zilizokuwa zangu mbele ya macho yangu. Nilijiambia nampenda mjukuu wangu. Nilijiambia dawa haiui. Siku ya nne Bibi Juma akatapika, na matapishi yakaniangukia miguuni.

"Nisamehe, mtani," akasema. "Nisamehe sana."

Ananiomba radhi mimi. Nikanyanyuka. Nikaenda kwenye ofisi ya mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo. Mlangoni palikuwa na karani.

"Bibi, una miadi na daktari?"

"Nina kifua kikuu."

Akafungua mlango upesi kuliko mlinzi wa nyuma.

Mkuu mwenyewe ni mwanamke, Daktari Eliza, umri wa kitinda mimba wangu, mtu wa bara. Alikuwa na mkuu wa maabara mle ndani. Nikasema nilichokuja kusema, nimesimama, na jina la Zena nikalitaja la kwanza kabla ya majina mengine. Mkuu wa maabara akanisikiliza kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, haya ni mambo ya ndani. Tutayamaliza kimya kimya. Tutampima tena yule mama, tumwambie dawa imefanya kazi, amepona, aache. Hakuna atakayeumia."

Lilikuwa shauri zuri. Zena angebaki na kazi, kituo kingebaki na jina, Bibi Juma angetupa vidonge. Hata mimi lilinivuta. Daktari Eliza alikuwa anazungusha kalamu, na nikaona naye linamvuta.

Nikasema, "Daktari, ukimwambia amepona, maana yake aliumwa. Watu wote wa barabara ile watabaki wanajua aliumwa. Mwambieni hakuumwa."

Akaiweka kalamu. "Leteni daftari," akasema. Akasoma, akaufuata mstari kwa kidole, akauliza nani alipokea kikopo kisicho na namba, na tangu lini vikopo visivyo na namba vinapokelewa. Mkuu wa maabara akasema, "Ni vya wageni, daktari. Wageni wetu wote."

Bibi Juma akaitwa saa ile ile, na Zena naye. Daktari hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama, hukuwa na kifua kikuu. Tulikupa ugonjwa wa mtu mwingine. Leo unaacha dawa, tunakutoa damu tutazame ini lako, na tutakufuatilia mpaka ukae sawa. Mimi ndiye mkuu hapa. Kosa hili linaanzia kwangu."

"Ugonjwa wa nani?" akauliza Bibi Juma.

"Wangu, mtani," nikasema.

Akacheka. Alidhani utani. Akatutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka. Zena akapiga magoti, akasema, "Ni mimi, mama. Niliandika vibaya, na nilipojua nikanyamaza." Bibi Juma hakumgusa wala hakumsukuma. Akaniambia mimi, "Kwa utani ningekutoza kuku yakaisha. Hili si la utani, Mwanaidi." Akatoka bila kuaga. Sikumlaumu. Mpaka leo hajanitania tena.

Zena alipewa barua. Akatolewa maabara kwa muda, akawekwa dirishani kuandikisha wagonjwa chini ya macho ya mtu mwingine. Mwenzake naye akaandikiwa yake. Daktari Eliza, nesi alinisimulia, aliwakusanya wafanyakazi wote uani asubuhi ya pili, akasema mama yake mzazi naye aliwahi kupita mlango wa nyuma kama mgeni wake, na kwamba hatampitisha tena, wala wao hawatawapitisha wa kwao. Mlango ukatiwa kufuli. Wengine walinuna wiki nzima. Nao wana mama zao.

Saumu hakuonekana na ugonjwa, ila alipewa dawa ya kumkinga. Alivumilia kuliko mimi.

Baada ya miezi miwili makohozi yangu yakawa safi, nikarudi Kisarawe kumalizia miezi minne iliyobaki, dawa nikizichukua kituo cha huko, mlango wa mbele. Nilimeza kipupwe chote. Nilimeza mikorosho ikitoa maua. Nyama zikarudi mikononi, kisha mashavuni, mwisho kwenye makalio, na siku niliyokaa kwenye kigoda bila kusikia mfupa nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ganzi ya nyayo haijaisha yote. Nimeizoea.

Ukipewa dawa hizi usiache hata ukijisikia mzima. Uliza mkojo utakuwa na rangi gani kabla hujaingia chooni. Mgonjwa wako akisema alitoa kikopo kimoja, jua ni kimoja. Na ukiulizwa jina lako dirishani, litaje lote, na mshukuru anayekuuliza.

Nimebakiza jambo la siku yangu ya mwisho Kibaha, kabla sijapanda gari la Kisarawe. Hamisi alikuwa hajanisemesha tangu siku ya ofisini, ila salamu. Asubuhi ile nilipita njia ya kwa Bibi Juma, nikasimama mbali. Daktari alikuwa amempa barua yenye muhuri, inasema hakuwa na kifua kikuu wala hakupata kuwa nacho. Ameibandika juu ya meza yake ndani ya nailoni. Jua limepanda, na chano cha vitumbua kimejaa vile vile, hakuna aliyegusa. Wanaopita hawasomi barua. Wanatazama nani anakula.

Nikarudi nyumbani. Wakati wa chakula cha mchana nikawaita wote mkekani, Hamisi, Tatu na Zena. Zena alikuwa anazunguka njia ndefu kila siku ili asipite mbele ya meza ile. Nikawaambia hivi:

"Kesho asubuhi, barabara ikijaa watu, mtakwenda nyote kwa Bibi Juma. Mimi sitakwenda, mimi ndiye mgonjwa wa benchi lile, nikikaa pale nitamharibia. Hamisi, utavaa sare ya kiwandani, wenzako wakujue. Tatu, utambeba Saumu. Asithubutu mtu kufungiwa vitumbua kwenye gazeti aje navyo nyumbani. Mtakaa kwenye fomu lake, lile benchi la wateja, mkila pale pale, taratibu, na kesho kutwa mtarudi tena, mpaka pakose pa kukaa. Zena ndiye atakayeuma wa kwanza, uso wazi."